Foleni ya Wanaorudisha Unga

Jumatatu asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, Winifrida Ndayikeza alijifunga kitenge kichwani, akapangusa mkanda wa mashine kwa kipande cha gunia, akachungulia kama hakuna panya aliyelala kwenye mota, ndipo akabonyeza swichi. Mabati ya paa yakaanza kutetemeka. Mteja wa kwanza, msichana aliyevaa sare ya shule, aliweka sado lake la mahindi kwenye mizani, akaziba masikio kwa vidole.

Mashine hiyo ya kusaga ilikuwa nyuma ya soko la Kibondo, kati ya kijiwe cha Isihaka, fundi baiskeli, na kibanda cha chakula cha mke wake, Shamsia. Winifrida alikuwa akiiendesha tangu mwaka juzi. Kabla ya hapo alikuwa chuoni Morogoro akisomea sayansi na teknolojia ya chakula, na alifaulu vizuri. Alipomaliza alirudi Kasulu kwa mama yake, Vestina. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi kabla yeye hajazaliwa, na uraia waliupata yeye akiwa shule ya msingi. Mama yake aliamini kwamba mtu mwenye karatasi mbili, ya uraia na ya chuo, hakuna mlango utakaomkataa. Winifrida aliomba kazi kila tangazo lilipotoka. Alipanda basi hadi Dodoma kwenye usaili, akakuta ukumbi umejaa kama mkutano wa injili, akafanya mtihani, akarudi. Hatimaye Mzee Niyongabo, mwenye mashine, alisikia habari zake kanisani akamwita Kibondo.

"Mtu aliyesoma haibi unga," alisema Mzee Niyongabo, na tangu siku hiyo akamwita Injinia.

Alikuwa mtu mpole. Mshahara aliutoa kwa wakati, na chumba cha kulala alimpa nyuma ya ghala bila kumdai kodi. Kule Kasulu mama yake aliwaambia waumini wenzake kwamba binti yake yuko kwenye mambo ya chakula, na hapo hakusema uongo.

Masika ya mwaka ule yalipitiliza. Mvua ililaza mashamba, na mahindi yaliyokuwa yakianikwa yakachipua kwenye maturubai. Mzee Niyongabo alipata shehena ya bei nafuu kutoka ghala moja la upande wa Kasanda ambalo paa lake lilikuwa limeezuliwa na upepo. Magunia yaliposhushwa, Winifrida alifungua moja, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto. Alitoa konzi ya punje zenye vumbi la kijani na kuzinusa. Zilinuka kama mkeka uliolala majini.

"Mzee, haya mahindi yameota kuvu," alisema.

"Tutayakoboa. Ukikoboa, uchafu wote unakwenda na pumba."

"Rangi ndiyo inayokwenda. Sumu inabaki. Inaitwa sumukuvu. Huwezi kuiua kwa kuchemsha. Inakwenda kukaa kwenye ini la mtu."

Mzee Niyongabo alivua kofia, kama alivyozoea kufanya akisikiliza jambo zito. "Umepima?"

"Kipimo kiko maabara. Mimi sina."

"Basi hujajua, mwanangu. Umehofia tu." Alisema hivyo bila dharau. "Na hawa watu, nikiwaambia leo hakuna unga, watakula nini? Mashamba yao si umeyaona?"

Winifrida alikuwa ameyaona. Siku iliyofuata aliomba ruhusa, akaenda ofisi moja ya serikali pale mjini akiwa na punje kwenye mfuko wa plastiki. Alipokewa na kijana aliyesomea misitu. Kazi ya kijana huyo ilikuwa kupokea wageni, na dirisha lake lilitazama uwanja usio na mti hata mmoja.

"Nafasi ya mtu wa usalama wa chakula ipo," kijana alimwambia. "Mtu ndiye hayupo. Tunasubiri kibali."

"Hicho ndicho nilichosomea."

"Basi na wewe subiri, dada."

"Na hizi punje? Mnaweza kuzipeleka zikapimwe?"

"Sampuli huchukuliwa na mwenye hiyo nafasi," alisema. Alisema kwa huruma, akamrudishia mfuko wake akiushika pembeni kwa vidole viwili.

Winifrida alirudi, akafunga kitenge, akawasha mashine. Mahindi ya Kasanda yakakobolewa, yakasagwa, yakatoka meupe kuliko unga wowote uliowahi kuonekana pale. Watu waliusifu. Yeye mwenyewe aliacha kula ugali. Jioni alikaa kwenye ngazi ya ghala na ungo mapajani, akichagua punje nzima, ngumu, zinazong'aa, moja baada ya nyingine, mpaka apate za kutosha kumpelekea mama yake Kasulu. Hizo alizisaga peke yake baada ya kuosha mdomo wa mashine.

Kabla kiangazi hakijakolea, watu walianza kuugua. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa maji. Wengine walipelekwa hospitali, wengine kwa wachungaji wakaombewe. Watu walikufa kwenye mitaa ya karibu na soko, kisha kwenye vijiji ambako unga ulibebwa kwa baiskeli, na kwenye vibanda vilivyo kando ya barabara ya kwenda kambi ya Nduta. Katika wa mwanzo alikuwemo Ntirampeba, bibi aliyeuza vitunguu sokoni, ambaye kila akija kusaga alimletea Winifrida kitunguu kimoja. Alizikwa Jumamosi. Winifrida alikwenda mazikoni, akaimba na wengine.

Jumatano alasiri Ntirampeba alikuja mashineni akiwa na ndoo kichwani. Alisimama nyuma ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na mwanamke huyo akasogea kumpa kivuli. Visigino vyake vilikuwa na udongo mwekundu, lakini udongo wa Kibondo wote ni mwekundu. Zamu yake ilipofika aliitua ndoo kwenye mizani.

"Mwiriwe, mwanangu," alisalimia kwa Kirundi. "Nimerudisha unga. Naomba mahindi yangu."

Winifrida alifunua ndoo. Unga ulikuwa mweupe, mkavu, na wa vuguvugu, kama uliotoka mashine sasa hivi. Aliupima. Ulikuwa unga wote ambao bibi alikula tangu masika. Watu kwenye foleni walisubiri. Mmoja alilalamika kwamba saa zinakwenda.

"Mwanangu," alisema Ntirampeba, "wewe uliyesomea mambo ya vyakula. Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia mzee. Na ofisini nilikwenda."

Ntirampeba alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei. "Mimi hukuniambia," alisema.

Winifrida alikwenda ghalani kumwita Mzee Niyongabo, naye akaja, akamsalimia marehemu kwa mikono miwili, akamuuliza kama amezikwa karibu na mumewe, akaangalia unga.

"Amerudisha, basi apewe yake," aliamua. "Mpimie mahindi, Injinia."

Mahindi yaliyokuwepo yalikuwa yale yale ya Kasanda. Winifrida alimpimia. Ntirampeba aliyanusa, akajitwisha ndoo akaondoka, na watu walisema aliyaacha kwenye kizingiti cha binti yake. Kesho yake asubuhi binti alileta mahindi hayo mashineni kusagwa.

Baada ya hapo marehemu wengine walikuja kila alasiri, jua likianza kulegea. Walibeba ndoo, viroba, na wengine mitandio iliyofungwa mafundo. Watoto walibeba vikombe. Hawakusukumana wala kupaza sauti. Ili walio hai wasicheleweshwe, Mzee Niyongabo aliagiza foleni mbili, akanunua mizani ya pili. Unga uliorudishwa ulimiminwa kwenye pipa kubwa, ukachanganywa na mwingine, ukafungwa kwenye viroba vyenye chapa ya jogoo. Uliuzwa rahisi kidogo kuliko mpya. Wanunuzi waliuliza kwa nini ni rahisi, wakaambiwa ni wa marudio, wakaridhika. Ilikuwa miezi ya njaa, na unga uliofungwa vizuri hauulizwi umepita kwa nani.

Wakaguzi wawili walifika siku moja na gari. Walitazama foleni ya walio hai, kisha wakatazama ya pili.

"Hawa wanalipa ushuru?" aliuliza mmoja.

"Hawasagi," alijibu Mzee Niyongabo. "Wanarudisha tu."

Wakaguzi walijadiliana kando. Walisema suala la waliofariki liko idara nyingine. Waliagiza pawekwe ndoo ya maji yenye bomba na sabuni, wakasifu usafi wa sakafu. Walipokuwa wakiondoka, mmoja alimuuliza Winifrida amesoma hadi wapi. Winifrida akamwambia. "Safi sana," alisema mkaguzi. "Vijana msichague kazi." Alipewa kiroba kimoja, akakiweka nyuma ya gari.

Maneno ya Ntirampeba yalikuwa yamesikika hadi kibandani. Siku chache baadaye, wateja wa mchana walipokwisha, Shamsia alimwita Winifrida waketi kwenye benchi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kucheka kwa sauti, asili yake Ujiji, na tangu Winifrida afike Kibondo alikuwa akimwekea chakula bila kuandika deni.

"Mdogo wangu, hujala ugali wangu tangu masika," alisema. "Ukija unataka ndizi. Ukija unataka viazi. Nikadhani una mimba."

Winifrida aliangalia mikono yake. Akamwambia yote: joto ndani ya gunia, ini, kijana wa ofisini. Shamsia alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Shamsia alisimama akaanza kukusanya sahani, halafu akaziacha.

"Miezi yote hii unanitazama nasonga."

"Nilisema kwa mzee."

"Mzee anakula hapa kwangu?"

"Nisamehe, dada."

"Na mama yako? Anakula nini?"

"Namchagulia," alisema Winifrida.

Shamsia hakupiga kelele, na Winifrida angependa apige. Wiki ile Shamsia alimtuma Isihaka hadi Kasulu kuleta mahindi safi, akapandisha bei ya sahani. Wateja wake, wabeba mizigo na mafundi, walimsikiliza akieleza, wakasema kweli hiyo hatari, kisha wakaenda kula kibanda cha pili. Wiki iliyofuata Shamsia alikuwa na sufuria limejaa na benchi tupu. Wiki ya tatu alinunua kiroba cha jogoo. Alisonga, akapakua, na yeye mwenyewe akakaa akala pamoja nao.

"Siwezi kuwapa watu chakula nisichokula," alimwambia Winifrida, akinawa.

Kesho yake Winifrida alizima mashine. Ilikuwa asubuhi, foleni ya walio hai imefika hadi kwenye lango la soko. Alibonyeza swichi, kelele zikakatika, na wote wakasikia jogoo akiwika mbali.

"Sisagi tena haya," alisema. "Yana sumu. Wanaokuja alasiri kurudisha, mnawaona. Wamekufa kwa haya."

"Washa, dada," alisema mwanamke mmoja. "Watoto wangu wamelala na chai."

"Nakwambia yana sumu, mama."

"Nimesikia. Wewe utanipa yapi?"

Winifrida hakuwa na mengine. Mzee Niyongabo alikuja, akaona mashine imenyamaza, akavua kofia. Hakumgombeza. Alitoka nje hadi kwenye kivuli cha ukuta ambako vijana huketi wakisubiri vibarua, akauliza nani anajua mambo ya mashine. Akasimama Fidele, aliyekuwa na shahada ya ualimu wa hisabati. Nyuma yake walisimama wengine, mmoja wa uchumi, mmoja wa maendeleo ya jamii, na binti wa mifugo, wote wamevaa viatu safi. Mzee alimchukua Fidele kwa sababu ndiye aliyesimama kwanza. Mpaka saa sita Fidele alikuwa amejua kukaza mkanda.

Winifrida alikaa chumbani siku mbili. Alipiga simu kwa mama yake, akataka kumwambia ameacha kazi, lakini Vestina alitangulia kumwambia kwamba kanisani wamemchagua kuwa mweka hazina, kwa sababu ni mama wa mtu mwenye ajira. Siku ya tatu alirudi mashineni. Mzee Niyongabo alimpokea kama mtu aliyetoka safari. Fidele aliendelea na foleni ya walio hai, na Winifrida akapewa ile ya alasiri. "Wewe wanakuheshimu," mzee alimweleza.

Mwisho wa mwezi alikwenda Kasulu na unga wake aliouchagua. Mama yake alimpokea kwa furaha, akampikia sombe ya majani ya muhogo na maharage. Winifrida alipoingia jikoni kutafuta chumvi, aliona kiroba cha jogoo nyuma ya mlango, kimefunguliwa.

"Huo umetoka wapi, mama?"

"Dukani hapo. Umejaa kila duka, kuanzia mjini hadi Kabanga. Unga wa mahali pako!" alisema Vestina. "Nawaambia watu, huu umepita mikononi mwa mwanangu."

"Na ule ninaokuletea?"

"Ule nawapa wageni. Ule ni mzuri mno, siwezi kuula mwenyewe."

Winifrida aliuketisha mwili wake kwenye kigoda. Akamweleza mama yake kila kitu, polepole, kwa Kirundi, ili neno lisipotee. Vestina alisikiliza. Kisha akafunga mdomo wa kiroba vizuri kwa uzi.

"Kama una ubaya, wewe uliyesoma ungekuwa umeuzuia," alisema.

Winifrida alikibeba kiroba akakimwaga shimoni nyuma ya choo, akafukia. Mama yake alisimama mlangoni akimtazama, akiwa na aibu mbele ya majirani kwa chakula kinachotupwa. Aliporudi ndani, Winifrida alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani, akaangalia weupe wa macho yake. Aliangalia muda mrefu. Mwanga wa jioni ulikuwa wa manjano, na hakuweza kujua.

Siku aliyorudi Kibondo alikuta kibanda kinaendeshwa na dada yake Isihaka. Shamsia alikuwa amelala ndani, tumbo limemjaa, ngozi imekuwa rangi ya bizari. Winifrida alimkanda miguu, akamlisha uji wa muhogo kwa kijiko. Hawakuzungumzia unga. Shamsia aliuliza kama Fidele ana mchumba, akacheka kidogo, akalala. Alifariki Ijumaa, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri.

Winifrida alianza kumsubiri tangu kesho yake. Kila alasiri alitazama foleni yake kuanzia mwisho kuja mbele. Alikuwa amejiandalia maneno ya kusema, akayabadilisha mara nyingi, mengine akiyasema kwa sauti huku akipima, na marehemu waliokuwa mbele yake walimsikiliza kwa adabu.

Shamsia alifika akiwa amevaa gauni lake la maua na mtandio, na sufuria kubwa la kibandani ubavuni. Isihaka ndiye aliyemwona kwanza. Alipangusa grisi mikononi, akamletea mke wake kiti, akasimama kando yake mpaka zamu ilipofika. Isihaka alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake.

"Pima, mdogo wangu," alisema Shamsia.

Winifrida alipima. Maneno yote aliyoyaandaa yalikuwa yamemtoka. "Mimi ndiye niliyeua," alisema.

"Wewe uliniambia. Mimi niliambiwa nikapika." Shamsia alisema hivyo bila uchungu, akitazama mshale wa mizani ukitulia.

Winifrida aliutazama unga. Haukufika hata nusu ya sufuria. Alifikiria sahani zote zilizotoka pale kibandani, mchana kwa mchana, milima ya ugali yenye mvuke.

"Ni huu tu, dada?"

"Huu ni niliokula mimi," alisema Shamsia. "Ule niliowapikia watu watauleta wenyewe."

Alipewa mahindi yake. Isihaka alimsindikiza hadi kwenye kona ya soko, akarudi peke yake, akainamia gurudumu alilokuwa akilinyoosha.

Winifrida aliumimina unga wa Shamsia kwenye pipa. Fidele akawasha mashine. Mzee Niyongabo alitoka ghalani na kofia mkononi, akatazama mawingu juu ya vilima, akasema mvua za vuli zimekaribia na haifai watu wa alasiri wanyeshewe wakisubiri. Angepaua banda upande ule.

"Wewe ndiye unayewajua, Injinia," alisema. "Tulifanye refu kiasi gani?"

Winifrida alitazama kibandani. Benchi zote zilikuwa zimejaa. Wengine walikuwa wamesimama wakisubiri nafasi, wakinawa mikono kwenye ile ndoo ya wakaguzi.

"Refu," alisema, akageuka kumpimia aliyefuata.